Picha Zetu Zisibaki Nyuma Tunapokimbia



Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji wa Goma, na familia nyingi zilitoka na watoto, godoro na sufuria tu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku tano baadaye watu wa kata nyingi waliamriwa kuondoka. Wengine walikwenda Sake, wengine Bukavu, wengine Rwanda. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita viliingia Goma yenyewe, na kambi zilizouzunguka mji zikabaki tupu. Mtu anayekimbia hana nafasi ya kutafuta albamu. Leo albamu ya familia nyingi imo ndani ya simu, na simu nayo inaibwa, inaanguka majini, inanyang'anywa njiani.

Wengine watasema: tumepoteza nyumba, picha ni kitu gani? Mtoto akipotea, picha yake inawasaidia watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta jamaa waliotengana. Tena kuna karatasi ya shamba. Wengi vijijini hawana hati ya serikali. Wana karatasi iliyoandikwa kwa mkono, yenye sahihi ya chefu na mashahidi. Picha yake haichukui nafasi ya karatasi yenyewe, lakini inaonyesha tarehe, mipaka na majina ya waliokuwepo. Anayerudi na kukuta mwingine analima shamba lake ana kitu cha kuweka mbele ya wazee, na mazungumzo yanaanza bila panga. Piga picha hizo leo, mchana, karatasi ikiwa imenyooshwa mezani, pande zote mbili. Fanya hivyo pia kwa kadi ya uchaguzi, vyeti vya kuzaliwa na vyeti vya shule.

Halafu zitoe kwenye simu. Kwa familia moja flashi ya gigabaiti 32 inatosha: picha ya megabaiti 3, zinaingia kama 10,000. Diski ya nje ya terabaiti moja inabeba zaidi ya 300,000, nayo inafaa kamati ya kambi, parokia au chama cha akina mama. Diski nyingi za bei nafuu zina sahani inayozunguka ndani. Usiisogeze ikiwa inafanya kazi, na usiiangushe hata siku moja. Tumia kompyuta yenye betri, maana umeme wetu mnaujua.

Hapa niseme kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nahamisha picha za miaka minne, nikabonyeza Couper badala ya Copier, umeme ukakatika katikati ya kazi. Nyingine hazikuonekana tena, wala kwenye kompyuta wala kwenye diski. Tangu siku ile ninanakili kwanza, ninafungua picha kadhaa upande wa pili kuona kama ni nzima, ndipo ninafuta. Ukimaliza, usichomoe tu. Bonyeza Éjecter usubiri. Na ukifuta kwa bahati mbaya, usipige picha nyingine kwenye kadi ile. Kuna programu ya bure, PhotoRec, ambayo mara nyingi inazirudisha mradi hakuna kilichoandikwa juu yake.

Majina ya mafolda yaanze na mwaka, kisha mwezi na siku, kwa mfano 2025-02-14 Harusi, yatajipanga yenyewe. Ndani yake weka maandishi mafupi: nani ni nani, wapi, mtoto wa nani. Bibi anawajua wote walio kwenye picha, lakini wajukuu waliozaliwa kambini hawawajui. Kaa naye akiwa bado ana nguvu ya kusimulia.

Wataalamu wanashauri nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Hiyo ya mahali pengine ndiyo wengi wanaisahau. Flashi ikikaa kwenye mfuko mmoja na simu, mwizi mmoja anachukua vyote. Mpe dada aliye Bukavu, mjomba aliye Uvira au Kampala. Mkitumiana kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na maandishi madogo ya karatasi hayasomeki. Kila miezi sita fungua nakala zote uzitazame. Flashi iliyofungiwa sandukuni miaka mingi bila kuchomekwa inaweza kupoteza kilichomo.

Viongozi, jambo hili linawahusu zaidi. Picha inaweza kumwua mtu. Picha ya askari, ya silaha, ya mkutano, au orodha ya majina ya waliohama ikikutwa kwenye barieri, mwenye kuibeba yumo hatarini, na walio ndani ya picha pia. Diski inaweza kufungwa kwa nenosiri kwa programu ya bure kama VeraCrypt, lakini nenosiri likisahaulika hakuna wa kuifungua. Isitoshe, mtu mwenye bunduki anaweza kukulazimisha ulitaje. Bora diski ya namna hiyo isisafiri kabisa. Zima pia kipimo cha mahali kwenye kamera ya simu, kwa sababu kinaandika ndani ya picha ni wapi ilipopigwa. Picha za wanawake waliotendewa ukatili zisiingie kwenye diski ya wote, hata kama mtu alikubali siku ile akiwa na uchungu.

Diski ya kamati isikae kwa mwenyekiti peke yake. Mchague watu wawili wa jamii mbili tofauti, mmoja ashike diski, mwingine ashike nenosiri, na isifunguliwe mpaka wote wawili wawepo. Familia inayotaka nakala ya picha zake ipewe bila malipo. Flashi italeta yenyewe. Flashi hiyo ipimwe virusi kwanza, hasa kama imetoka siber.