Je, Wajua? Ua la zambarau linalofunga ufuo

Je, wajua kwamba maji ya mvua ya Bunagana na yale ya Goma, mashariki mwa Kongo, yana safari mbili tofauti? Ya Bunagana hushuka na mto Rutshuru hadi Ziwa Edward, yakapita Semliki na Ziwa Albert, yakaishia Nile na Mediterania. Ya Goma huingia Ziwa Kivu, yakatoka kwa Ruzizi kwenda Tanganyika, kisha mto Kongo hadi Atlantiki. Magugu maji, mmea unaoelea wenye ua hilo la zambarau, hufuata njia hizo hizo. Mahali maji yasipofika, binadamu huyafikisha: kwa mtumbwi, kwa wavu, kwa bidoni iliyochota kipande cha mmea.

Je, wajua gugu maji lilitoka bonde la Amazon, likatembezwa duniani kama pambo la bustani? Ua lake ni la zambarau, lenye doa la njano kama jicho. Minya shina lake lililovimba chini ya jani: ni sifongo iliyojaa hewa, ndiyo maana halizami.

Je, wajua lina jina la Kilingala? Lilipotanda mto Kongo miaka ya 1950, watu waliliita Kongo ya Sika, yaani Kongo mpya. Serikali ya Wabelgiji ililinyunyizia 2,4-D, dawa ya kuua magugu. Mpaka leo linaelea.

Je, wajua mwaka 1910 mbunge wa Louisiana, Robert Broussard, alipeleka muswada bungeni Marekani ili viboko waletwe kutoka Afrika wakale magugu hayo? Haukupita.

Je, wajua mimea 10 tu, kwenye joto na maji yenye rutuba, huweza kuongezeka maradufu kila wiki mbili? Piga hesabu: baada ya miezi mitatu ni zaidi ya 600. Ndiyo maana nawasihi wenye viwanja kando ya ziwa: ng'oeni siku mnapouona mmea wa kwanza, kabla haujachanua. Ng'oa kwa mkono au reki, pamoja na mizizi yake myeusi kama manyoya. Usiukatekate kwa panga ndani ya maji, kwa sababu vipande vyenye chipukizi huelea hadi kwa jirani na kuanza upya. Lundo lipelekwe juu, mbali na mahali mawimbi hufika. Ni kazi nzito: karibu asilimia 95 ya mmea ni maji, hivyo kilo 100 ulizobeba mgongoni zikikauka hubaki kama kilo 5.

Je, wajua kunyunyizia dawa ufuoni kunaweza kuua samaki hata kama dawa yenyewe haikuwagusa? Magugu yakifa kwa pamoja huoza, na kuoza hula hewa iliyo majini. Na maji hayo hayo ndiyo mama wa jirani atakayochota jioni.

Je, wajua adui mkubwa wa gugu maji ni mdudu wa milimita tano hivi, ndugu wa fukusi wa mahindi? Anaitwa Neochetina. Hutafuna majani na kuacha makovu madogo, na mabuu yake hutoboa shina hadi maji yaingie. Katika Ziwa Victoria, Uganda ilianza kuwaachia wadudu hao mwaka 1995, Kenya mwaka 1997. Mwaka 1998 Ghuba ya Winam, Kisumu, ilikuwa imefunikwa na gugu hilo takriban hekta 17,000. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ilikuwa wazi. Gugu limerudi mara kadhaa tangu hapo, kwa sababu mbolea na maji taka ya miji bado vinalilisha.

Je, wajua si kila jani la ufuoni ni adui? Mafunjo na matete ni wenyeji. Huchuja tope linaloshuka mlimani, na vifaranga vya samaki hujificha humo. Huniuma kuona mtu amefyeka mafunjo yote ili apate mandhari, halafu anashangaa ufuo unapomeguka.

Je, wajua mbegu za gugu maji huweza kulala kwenye matope miaka 15 na zaidi, kisha zikaota maji yakipungua? Mtoto aliyezaliwa wiki ua lilipochanua mbele ya nyumba yenu anaweza kuwa ndiye atakayeng'oa miche yake.