Vijana na Hesabu za Haki

Vijana wetu wanajua kulalamika kuhusu ugumu wa maisha. Wachache wanaweza kuonesha kwa tarakimu ugumu huo unaanzia wapi. Kwa hiyo tukikutana nao parokiani tunaanza na kalamu na karatasi, hotuba baadaye.

Tuchukue mikopo ambayo mitaani hapa Tanzania huitwa kausha damu. Mama lishe anakopa shilingi 100,000, na baada ya siku 30 anatakiwa kurudisha 130,000. Kijana akisikia asilimia 30 hudhani ni ya mwaka mzima. Tunamwambia aandike: ikiwa kila mwezi mama huyo anamudu riba peke yake, baada ya miezi minne ametoa 120,000 na bado anadaiwa 100,000 zilezile. Hapo darasa hunyamaza. Huwa yupo anayewaza ya nyumbani kwao.

Jambo hili Biblia inalijua. Katika Nehemia sura ya 5, watu wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka na kulipa kodi ya mfalme. Nehemia alikasirika sana, lakini hakuishia hapo. Aliwakabili wakubwa mbele ya mkutano, akataja walichochukua, mpaka ile sehemu ya mia ya fedha na nafaka, akataka kirudishwe.

Baada ya mkopo tunasoma bajeti. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Yaani kwenye mapato hayo ya shilingi bilioni 1, fungu la vijana ni milioni 40. Zimetolewa ngapi? Kwa vikundi gani? Zimerejeshwa ngapi? (Swali hili la mwisho vijana hawalipendi, maana linawagusa wenyewe: kikundi kisiporejesha, kinachofuata kinakosa.)

Mazoezi yanaanzia karibu zaidi, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu. Tunawashauri waende wawili wawili, mmoja aandike taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa, mwenzake aulize kwa adabu: "Ndugu mwenyekiti, mkutano uliopita tulisomewa salio la laki nane. Leo tumeanza na laki sita. Tunaomba kufahamishwa hizo laki mbili."