Kisangani: Mto unapofunga njia, na sheria inapobaki kwenye karatasi

Kisangani, jimbo la Tshopo – Kwenye maporomoko ya Wagenia, wavuvi wanapanda juu ya nguzo za miti zilizosimamishwa katikati ya maji yanayonguruma, wanavuta vikapu vyao vikubwa na kuangalia kama samaki wameingia. Hapo hakuna kibao kinachokataza boti kupita, wala polisi. Hata hivyo, hakuna mwenye boti la mizigo anayejaribu. Mto wenyewe umefunga njia, na kila mtu anajua.

Lakini kuanzia bandari za mji kuelekea chini, hali ni kinyume. Maji ni mapana, yanaonekana matulivu, na boti linaweza kwenda kilomita zaidi ya 1,700 mpaka Kinshasa. Kwenye njia hiyo serikali imekataza safari za usiku mara nyingi, hasa kila baada ya ajali kubwa. Pamoja na hayo, boti zinaendelea kusafiri gizani kwenye mto Kongo na matawi yake, na watu wanaendelea kufa.

Swali linalowahusu wakaaji wa Kisangani, mji unaoishi kwa mto, ni hili: kwa nini watu wanaheshimu maporomoko ambayo hayana mlinzi, na hawaheshimu usiku ambao una sheria?

Maporomoko saba, njia moja ya reli

Wagenia ni poromoko la mwisho kati ya saba yanayoitwa kwa pamoja Boyoma. Yanaanza karibu na Ubundu na kumalizikia Kisangani, kwa umbali wa kilomita kama 100. Hakuna hata moja lililo refu sana. Yote saba kwa pamoja yanashuka mita kama 60 tu. Hatari yake ni wingi wa maji. Kwa wastani zinapita hapo mita za ujazo karibu 17,000 kila sekunde, sawa na magari 850 ya tanki, kila moja likiwa na lita 20,000, yakimwagwa kwa pamoja katika sekunde moja.

Maji mengi namna hiyo yakishuka kwenye mwamba, chini yake yanajizungusha na kurudi nyuma. Mtumbwi ulioanguka humo unashikwa na kupigwa mahali pamoja, na mwenye kuogelea anavutwa chini badala ya kusukumwa mbele. Povu jeupe nalo ni mtego: maji yaliyojaa hewa hayamwinui mtu kama maji ya kawaida.

Historia ya hapo inajulikana tangu mwezi Januari 1877, wakati msafara wa Henry Morton Stanley uliposhuka mto huo. Wengi wa watu wake walikuwa Waswahili waliotoka Unguja. Kwenye moja ya maporomoko hayo, mtumbwi wa mtu mmoja aliyeitwa Zaidi ulivutwa na maji, akabaki ameng'ang'ania juu ya mwamba, katikati ya mngurumo. Wenzake wawili, Uledi na Marzouk, walikubali kumfuata ndani ya mtumbwi uliofungwa kwa kamba. Kamba zilikatika. Wote watatu walilala usiku huo kwenye kisiwa kidogo cha mawe, na siku iliyofuata ndipo wenzao walipofaulu kuwatoa. Sehemu kubwa ya mitumbwi ya msafara ilibidi ivutwe kwa nchi kavu, ndani ya msitu, ili kuyazunguka maporomoko.

Miaka 29 baadaye, mwaka 1906, ilifunguliwa reli ya kilomita 125 kati ya mji ambao leo ni Kisangani na Ubundu. Abiria alishuka kwenye boti, akapanda treni kwenye ukingo wa kushoto, ambako leo ni tarafa ya Lubunga, halafu akapanda boti lingine upande wa pili. Reli hiyo inaonyesha jambo moja kubwa: njia iliyofungwa inaheshimiwa zaidi kama kuna njia nyingine pembeni yake. Hata leo, wakati treni zimekuwa chache na hazina ratiba ya kuaminika, watu wanazunguka maporomoko kwa pikipiki, baiskeli au miguu. Njia ya kuzunguka ni mbovu, lakini ipo.

Wawagenia wenyewe wanaingia ndani ya maji hayo kila siku, kwa sababu ni kazi waliyorithi kwa wazee wao. Nguzo zao zinaingizwa ndani ya mashimo ambayo maji yenyewe yameyachimba kwenye mwamba, halafu zinafungwa kwa kamba za porini. Kijana anajifunza miaka mingi kujua mkondo gani unapitika na mtumbwi, na mkondo gani haupitiki wakati maji yakipanda. Mgeni anayetazama tu anaona ujasiri. Ujuzi wa kutambua pale pa kuacha haumwonekani mtu haraka.

Usiku ambao haukufungwa

Chini ya Kisangani, hatari haipigi kelele. Michanga ya mto inahama: mahali palipokuwa na kina mwaka uliopita, leo pana fungu la mchanga. Magogo makubwa yanaelea nusu yakiwa chini ya maji. Magugu ya maji yanazuia injini. Mchana, nahodha mzoefu anasoma rangi ya maji na mawimbi madogo, anakwepa. Usiku hana cha kusoma. Balenieri nyingi, yaani zile mashua ndefu za mbao zenye injini, hazina taa za kutosha, na abiria wanalala juu ya magunia na mapipa. Chombo kikigonga gogo saa nane za usiku, watu wanaamka wakiwa tayari ndani ya maji.

Mifano ya karibuni haihitaji kutafutwa mbali. Tarehe 10 Juni 2024, boti lilizama kwenye mto Kwa, jimboni Mai-Ndombe. Ofisi ya Rais ilitangaza vifo zaidi ya 80. Safari ilikuwa ya usiku, na injini ilikuwa imeharibika. Mwezi Septemba 2025, huko Basankusu, jimboni Équateur, watu 86 walikufa, wengi wao wanafunzi. Vyombo vya habari vya serikali vilitaja sababu mbili: kupakia vibaya na kusafiri usiku.

Usiku si sababu pekee. Mwezi Aprili 2025, balenieri HB Kongolo iliungua karibu na Mbandaka na kuua watu zaidi ya 140. Ripoti zilisema moto ulianza wakati abiria mmoja alipokuwa akipika. Na tarehe 3 Oktoba 2024, mchana, boti kutoka Minova lilizama kwenye ziwa Kivu, karibu na bandari ya Kituku mjini Goma. Gavana wa Kivu Kusini alisema lilikuwa na watu 278 na kwamba 78 walikufa.

Ajali hiyo ya Kivu inafundisha jambo lilelile la reli ya 1906, lakini kwa upande wa pili. Vita vilikuwa vimekata barabara ya Goma na Minova. Watu na mizigo waliokuwa wakipita barabarani wote walihamia kwenye boti. Njia moja ilipofungwa bila kufungua nyingine, umati wote ulisukumwa mahali pasipoweza kuubeba.

Ndivyo ilivyo pia kwa usiku wa mto. Mwenye boti anahesabu mafuta, chakula cha wafanyakazi na bidhaa zinazooza. Analalamika kuhusu kodi nyingi kwenye kila kituo. Kila usiku anaolala kando ya mto ni hasara kwake. Abiria naye hana barabara ya gari ya kumfikisha anakokwenda. Kumwambia mtu huyo kwamba usiku umefungwa, bila kumpa mahali salama pa kulala na bila mtu wa kumsimamisha, ni kumpa karatasi tu.

Kamba kwenye theluji ya Ulaya

Tatizo la njia iliyofungwa si la Kongo pekee. Kwenye milima ya Ulaya, ambako maelfu ya watu wanateleza kwa ski juu ya theluji, kila mteremko una rangi yake kufuatana na ugumu: kijani, bluu, nyekundu na nyeusi. Hatari ya maporomoko ya theluji inatangazwa kwa namba, kutoka 1 mpaka 5. Asubuhi, kabla ya kufungua, walinzi wa mlima wanalipua baruti ili theluji iliyo tayari kuanguka ianguke wakati hakuna mtu. Jioni wanashuka wa mwisho, wakihakikisha hakuna aliyebaki nyuma. Usiku mteremko unafungwa kabisa, kwa sababu mashine za kusawazisha theluji zinavutwa kwa nyaya za chuma ambazo mtu anayeteleza gizani hawezi kuziona.

Hata hapo, wapo wanaotoka nje ya njia. Tarehe 17 Februari 2012, mwana wa malkia wa Uholanzi, Friso, aliteleza nje ya njia zilizowekwa alama huko Lech, Austria, siku ambayo hatari ilikuwa imetangazwa kuwa namba 4. Theluji ilimfunika, alikufa mwaka uliofuata bila kupona. Mwenzake aliyekuwa amevaa mfuko wa hewa wa kujiokoa alitoka salama. Tarehe 29 Desemba 2013, bingwa wa mbio za magari Michael Schumacher aliumia vibaya kichwani huko Méribel, Ufaransa, mita chache tu nje ya njia. Uchunguzi ulikuta kwamba alama za mteremko zilikuwa zimewekwa kama sheria inavyotaka.

Watu hao wawili hawakukosa pesa, vifaa wala habari. Alama peke yake haimwokoi mtu anayeamua kuipita. Lakini pale Ulaya, nyuma ya kila kamba kuna vitu vitatu: mtu aliyepima hatari ya siku hiyo, mtu anayesimama kuilinda kamba, na mteremko mwingine ulio wazi pembeni. Anayepita kamba amechagua. Abiria wa balenieri mara nyingi hajapewa la kuchagua.

Kinachoweza kufanyika

Kwenye mto Kongo, taasisi za kazi hiyo zipo. RVF, shirika la serikali la njia za mito, ndilo lenye jukumu la kuweka alama kwenye mkondo. Makomisa wa mto ndio wanaopaswa kukagua chombo, kuhesabu watu na kuzuia kuondoka. Alama zikiwepo na ukaguzi ukifanyika kweli, vitu viwili kati ya vitatu vinapatikana. Cha tatu ni vituo vya kulala: vijiji vyenye gati, taa na ulinzi, ambako boti linaweza kusimama jua likizama bila mwenyewe kuporwa au kutozwa ovyo.

Orodha ya abiria nayo inahitajika. Karibu kila ajali inaacha mabishano kuhusu idadi ya waliokufa, kwa sababu hakuna aliyeandika waliopanda. Familia inabaki ikitafuta jina kwenye karatasi ambayo haikuandikwa.

Wakati hayo yakisubiriwa, msafiri anaweza kujilinda kidogo. Jile ya kuokoa maisha inasaidia ikiwa imevaliwa tangu mwanzo; iliyofungiwa kwenye stoo haimsaidii mtu gizani. Mtoto anahitaji ya kipimo chake. Moto wa kupikia haufai kuwa karibu na mapipa ya mafuta. Mtu wa nyumbani ajue jina la boti na siku ya kuondoka. Na ikiwa maji yamekaribia ukingo wa boti likiwa bado bandarini, kushuka si aibu.

Tena kuna swali moja rahisi la kumuuliza nahodha kabla ya kulipa tiketi: "Leo tutalala wapi?" Anayetaja jina la kijiji amepanga kusimama. Anayejibu kwamba wataangalia mbele ya safari amekwisha kusema kwamba watatembea usiku, na abiria bado yuko nchi kavu, na pesa yake bado iko mkononi.