Kabla ya Kununua Paneli ya Pili

Ikiwa una paneli moja ya jua juu ya mabati, taa nne na redio, bila shaka umekwisha kufikiri juu ya kuongeza. Watoto wataka televisheni. Mama wa nyumbani ataka taa katika banda la ng'ombe, kwa maana hukama saa kumi alfajiri. Na wewe mwenyewe umechoka kuona taa zikififia saa tatu usiku. Basi malipo ya maziwa yakitoka unakwenda mjini, unanunua paneli ya pili, fundi anaifunga, na baada ya majuma mawili taa zafifia saa tatu vilevile. Fedha zimekwenda, na pengine betri nayo imeharibika.

Jambo hili huwapata hasa wakulima wa skimu za makazi, na sababu yake ni rahisi kufahamu. Katika mashamba yaliyogawanywa tangu mwaka 1962 chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja, na katika skimu zilizofuata, kila mtu hujenga katika shamba lake mwenyewe. Nyumba ziko mbali mbali, na nguzo za stima hupita barabarani zikaacha wengi nyuma. Kwa hiyo umeme wa jua ulifaa sana. Lakini wengi walianza na mtambo mdogo wa taa tu, nao hutaka kuukuza kipande kwa kipande. Mtambo wa jua haukubali kukuzwa hivyo bila hesabu.

Fikiri juu ya maji ya mvua nyumbani kwako. Paneli ni kama mabati yanayokinga mvua. Kontrola, yaani kile kisanduku chenye vitaa kilichopo kati ya paneli na betri, ni kama mfereji wa ukingoni. Betri ni tangi, na nyaya ni mabomba. Ukiongeza mabati lakini mfereji ukabaki mwembamba na tangi likabaki dogo lenye kuvuja, hutapata maji zaidi. Utaona yakimwagika tu. Mtu anayeongeza paneli peke yake hufanya jambo hilo hilo.

Sasa shika kalamu. Andika kila kitu kinachotumia umeme, ni wati ngapi, na huwaka saa ngapi kwa siku, kisha zidisha. Tuseme una taa 4 za wati 5, nazo huwaka saa 4: hizo ni wati-saa 80. Redio ya wati 5 kwa saa 5 ni 25. Simu mbili, weka 20. Jumla ni 125 kwa siku. Paneli ya wati 50 katika jua zuri hufanya kazi kama kwamba imepata saa 4 za jua kali, yaani 200, lakini karibu theluthi moja hupotea katika joto, vumbi, nyaya na betri. Hubaki kama 140. Basi mtambo wako wa kwanza ulipimwa sawa, na ndiyo maana ulifanya kazi vizuri mpaka ulipoanza kuongeza.

Ongeza televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 4, hiyo ni 120. Ongeza taa ya wati 10 bandani kwa saa 2, hiyo ni 20. Sasa wahitaji 265 kila siku, zaidi ya mara mbili ya kwanza. Katika jua zuri paneli za wati 100 kwa jumla zingetosha kwa shida. Lakini mkulima wa Kinangop au Ol Kalou ajua mwezi wa Julai ulivyo: ukungu asubuhi, mawingu mchana. Ukihesabu saa 3 tu za jua, wahitaji kama wati 130. Kwa hiyo weka paneli yako ya 50 pale pale, uongeze moja ya 100. Afadhali upime kwa mwezi mbaya kuliko kwa mwezi mzuri, kama vile usivyohesabu majani ya ng'ombe kwa wingi wa mwezi wa Mei.

Hapa usinunue bado. Tazama kwanza kontrola yako. Imeandikwa ampea ngapi? Paneli ya wati 50 hutoa kama ampea 3 na ile ya 100 kama ampea 6, jumla 9. Ikiwa kontrola ni ya ampea 5, itaungua au itakataa kazi. Ile ya 10 itabeba, lakini haina nafasi. Nunua ya 20, maana haitachoka na utakuwa na nafasi ukitaka kuongeza tena.

Tena angalia volti za paneli mpya. Mtambo wa volti 12 wataka paneli ya aina ya volti 12, ambayo juani hutoa kama volti 18. Siku hizi maduka yamejaa paneli kubwa za wati 300 na 400, nazo kwa kila wati ni rahisi kuliko ndogo, hata mtu hutamani. Lakini hizo hutoa volti 30 au zaidi. Ukiifunga kwenye kontrola ya kawaida iliyoandikwa PWM, zaidi ya nusu ya nguvu uliyoinunua itapotea, na kontrola nyingine haziwezi kustahimili volti hizo kabisa. Paneli kubwa yataka kontrola iliyoandikwa MPPT, ambayo hubadili volti zilizozidi kuwa ampea. Hiyo ni ghali. Hesabu bei ya vyote viwili pamoja kabla ya kufurahia bei ya paneli.

Paneli ya 50 na ya 100 zifungwe sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ukizifunga moja nyuma ya nyingine, ile ndogo itaizuia kubwa, na volti zitakuwa nyingi mno kwa kontrola ya kawaida.

Sasa betri, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 50 hushika wati-saa 600, lakini haifai kutumia zaidi ya nusu yake, la sivyo hufa mapema. Basi una 300. Zamani ilitosha usiku mbili. Kwa matumizi mapya ni usiku mmoja tu, na siku ya mawingu yatakuwa giza. Ukitaka akiba ya usiku mbili wahitaji betri ya ampea-saa 100 hivi. Betri ya lithiamu yaweza kutumiwa mpaka asilimia 80 bila kuumia, kwa hiyo ya 60 au 70 itafanya kazi hiyo hiyo, nayo hudumu miaka mingi zaidi, ila bei yake ni kubwa na ni lazima kontrola iwe na mpango wa kuichaji.

Wengi husema: betri ya zamani bado inafanya kazi, niifunge pamoja na mpya. Usifanye hivyo. Betri iliyochoka hunyonya ile nzima, na baada ya muda una mbili zilizochoka. Yafaa zaidi uipe ya zamani kazi yake pekee, labda taa ya banda na kapaneli kake kadogo. Wala usidanganywe na betri ya gari. Hiyo imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache za kuwasha injini. Ukiitumia polepole usiku kucha kila siku, haitakaa.

Nyaya nazo hula umeme kimya kimya. Waya wa milimita 1.5 wenye urefu wa mita 10 kutoka paneli mpaka kontrola, ukipitisha ampea 9, hupoteza zaidi ya volti 2. Betri ya risasi huhitaji volti zaidi ya 14 ili ijae, na paneli ikishika joto la mchana volti zake hupungua. Utaona betri haijai kamwe, nawe utalaumu paneli. Tumia waya wa milimita 4, nao hautapoteza hata volti moja.

Waya mwembamba una hatari nyingine. Betri ya ampea-saa 100 ikiguswa chanya kwa hasi hutoa mamia ya ampea mara moja. Waya huwa mwekundu kama kaa, na dari ya makaratasi haingojei. Kwa sababu hiyo weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, wala si mwisho wa waya. Fyuzi ikikatika usiibadili kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Tafuta kilichoikata. Betri ya risasi ikae mahali penye hewa, mbali na jiko na taa ya mafuta, kwa maana hutoa gesi inayolipuka inapochaji.

Katika kufunga, unganisha betri kwenye kontrola kwanza, kisha paneli. Ukifungua, toa paneli kwanza. Paneli ziinamishwe kidogo ili mvua izioshe vumbi, na katika nyanda za juu zielekezwe kaskazini, kwa maana mwezi wa Juni na Julai, wakati wa mawingu, jua liko upande huo, hata kwa mtu wa Kitale. Angalia pia kivuli cha mgrevilea saa tisa mchana. Kivuli cha tawi moja tu chaweza kuondoa sehemu kubwa ya nguvu ya paneli nzima.

Pasi na birika la umeme uvisahau. Kila kinachotoa joto kitamaliza betri kabla hujanywa chai. Televisheni nayo nunua ile inayotumia volti 12 yenyewe, ili usihitaji inverta, ambayo hula umeme hata isipokuwa na kazi.

Ikiwa mtambo wako ni wa kulipia kwa simu kidogo kidogo, usiukate waya kuongeza paneli nyingine. Uliza kwanza waliouza, maana utapoteza dhamana nao waweza kujifunga. Na fundi unayemwita, mwombe akuonyeshe leseni yake ya umeme wa jua kutoka EPRA. Akiwa nayo hataona haya kuionyesha. Mwambie akuandikie hesabu ya wati-saa kwenye karatasi, uilinganishe na yako kabla ya kumpa hata shilingi.

Betri iliyokufa usiitupe karibu na kisima wala kuivunja ili utoe risasi. Mpelekee anayenunua betri kuukuu mjini. Atakulipa kwa uzito wake, na fedha hizo zaweza kununua ule waya wa milimita 4.