Taa za nje zikififia, msikimbilie betri mpya

Vikundi vilivyofunga taa za sola za volti 12 kwenye geti, choo au nyumba ya kuku wanaijua shida hii. Taa iliyo karibu na betri inawaka sawasawa, lakini ile ya mwisho ni nyekundunyekundu kama kaa la jiko. Mkutano unaitwa, wanachama wanachanga, betri inanunuliwa. Usiku taa ya geti ni ile ile, na pesa za chama zimekwenda.

Kabla ya kuchanga, ulizaneni: ni taa zote zimefifia, ama ni za mbali peke yake? Zikiwa zote, angalieni betri na paneli. Vumbi la kiangazi hapa kwetu Mwihoko si la mchezo, kwa hivyo oshaneni zamu ya kupangusa paneli asubuhi kabla haijapata joto. Lakini zikiwa za mbali tu, betri mwiacheni. Tafuteni kwenye waya.

Sababu ni hii. Kwa wati zile zile, umeme wa volti 12 huvuta ampea mara 20 kuliko stima ya volti 240, na ampea nyingi zikipita kwa waya mwembamba, volti huliwa njiani. Tuseme mna taa nne za wati 10 mita 30 kutoka kwa betri. Zinavuta kama ampea 3.3, na umeme unaenda na kurudi, yaani mita 60 za waya. Waya wa shaba wa 1.0 utakula karibu volti 3.5. Wa 2.5 utakula 1.4 hivi, na wa 4.0 haufiki volti moja. Basi yule wa bei rahisi ndiye anayewapa giza.

Azimeni mita. Pimeni kwenye betri, halafu kwenye taa ya mwisho, taa zote zikiwa zimewashwa. Zikiwa zimezimwa kipimo kitawadanganya. Tofauti ikipita volti moja, fuateni waya mkianzia kwenye viungo. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono, kikafungwa tepu na kuzikwa, huingia maji na shaba ikageuka kijani. Kateni, mfunge upya kwa skrubu ndani ya kisanduku, juu ya ardhi. Mkikata, kwaruzeni waya kwa kisu: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na huo hupoteza volti zaidi hata kama umeandikwa 2.5.

Kama hakuna pesa za waya mnene, betri ihamishwe katikati, taa mbili kila upande. Umbali unakuwa nusu, ampea nusu, na hasara inabaki robo. Ama mpitishe waya wa pili sambamba na ule wa kwanza.

Mkiita fundi, mwulizeni leseni. Kanuni za sola za 2012 zinaitaka, na siku hizi hutolewa na EPRA. Mwambieni pia awaandikie volti ngapi zitapotea kabla hajanunua waya. Na kwenye betri kuwe na fyuzi, maana waya zikigusana huko chini, hata volti 12 huwasha moto.