Gesi ya Songo Songo na gesi ya mtungini

Kila bei ya mtungi wa gesi inapopanda, swali huwa lile lile: nchi ina gesi Songo Songo, ina gesi Mtwara, kwa nini ya kupikia ije na meli? Yako majibu ya kisiasa na ya kibiashara, na mengine yana ukweli. Lakini jibu la kwanza ni la kemia, nalo halina chama: iliyomo mtungini si ile inayochimbwa Songo Songo, Kilwa.

Zote mbili ni haidrokaboni, yaani zimeundwa kwa atomu za kaboni na haidrojeni tu. Kaboni ina mikono minne ya kushikia wenzake, haidrojeni ina mmoja. Kaboni moja ikishika haidrojeni nne tunapata methani, CH4. Kaboni zikianza kushikana zenyewe kwa zenyewe, mnyororo unarefuka: tatu hutupa propani, C3H8, na nne butani, C4H10. Endelea kuurefusha utapita petroli, mafuta ya taa na dizeli, hadi nta ya mshumaa, ambayo kaboni zake huzidi 20.

Molekuli ndefu huvutana zaidi kuliko fupi. Ndiyo maana methani huchemka kwenye nyuzi −162 za Selsiasi, propani −42, na butani −0.5. Kwa joto letu zote ni gesi, ila ukizishindilia ndipo zinapoachana njia. Propani na butani, ambazo ndizo gesi ya mtungini, hazihitaji mgandamizo mkubwa. Mara kadhaa tu ya ule wa hewa ya kawaida, nazo zinageuka kimiminika hata mchana wa jua kali. Tikisa mtungi, utakisikia kikicheza ndani. Ukifungulia jiko, kimiminika hicho huchemka humo humo, na kwa kuwa kuchemka kunataka joto, hulichukua kwenye chuma cha mtungi. Mama lishe anayechemsha sufuria kubwa ya supu kwa moto wa juu huuona mtungi wake ukitoka jasho upande wa chini. Pale jasho linapoishia ndipo kimiminika kilipofikia, na kipimo hicho hakimgharimu hata shilingi.

Methani haikubali mchezo huo. Ikiwa na joto la kupita nyuzi −82, hakuna mgandamizo utakaoifanya kimiminika, uwe na mashine ya namna gani. Magari na bajaji za gesi asilia hubeba mitungi minene iliyoshindiliwa hadi mara 200 hivi ya hewa ya kawaida, na bado iliyomo ni gesi. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kubeba mzigo huo.

Viko visima duniani vinavyotoa methani iliyochanganyika na propani na butani za kutosha kutenganishwa na kujazwa mitungini. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufua umeme Dar es Salaam mwaka 2004, ni kavu: karibu yote ni methani. Ya Mnazi Bay, Mtwara, nayo ni hivyo hivyo.

Basi si tuunganishe methani tatu ziwe propani? Kwenye karatasi inawezekana. Shida ni kwamba alkani, yaani haidrokaboni ambazo kaboni zake zimeshikana kwa mkono mmoja mmoja, ni wagumu wa kushawishika. Linganisha na ethilini, C2H4, ambamo kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili. Mkono wa pili huachia upesi na kudaka kitu kingine: pitisha ethilini kwenye maji ya bromini yenye rangi ya chungwa, rangi inapotea palepale. Pitisha methani gizani, rangi inabaki kama ilivyo. Ethilini kwa maelfu zikiachia mkono huo na kushika jirani, unapata polithini, plastiki ya madumu yetu ya maji.

Methani haina mkono wa ziada wa kuachia. Isitoshe, imejishika imara kuliko hiyo propani unayoitaka, kwa hiyo joto la kuivunja methani huivunja propani kwa wepesi zaidi. Viwandani hupitia njia ya kuzunguka: methani hubomolewa iwe kaboni monoksaidi na haidrojeni, kisha minyororo hujengwa upya kwa kichocheo cha chuma au kobalti. Mbinu hiyo ya kujenga ilibuniwa Ujerumani miaka ya 1920 na Franz Fischer na Hans Tropsch. Qatar wanayo katika mtambo wa Pearl, Ras Laffan, ambao ulikula mabilioni ya dola na hutoa zaidi dizeli na mafuta mengine ya thamani. Kujenga mtambo wa aina hiyo ili kujaza mitungi ya kilo 6, kwangu mimi, ni hesabu mbovu.

Nyepesi zaidi ni kuipeleka methani jikoni kwa bomba, kama ilivyofanyika kwa baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara. Huko inafanya jambo ambalo alkani hulifanya bila kubembelezwa, mradi uwashe kiberiti: kuungua.

CH4 + 2O2 → CO2 + 2H2O

Methani moja inataka oksijeni 2, propani 5, butani 6 na nusu. Kwa hesabu ya hewa, lita moja ya methani hula lita 10 hivi, ya propani 24, ya butani 31. Kwa hiyo tundu la kutolea gesi kwenye jiko la mtungi hutobolewa dogo. Ukiliunga jiko hilo kwenye bomba bila kubadili tundu, moto utakuwa hafifu tu. Kosa la kinyume ndilo baya: jiko la bomba likipewa gesi ya mtungi, hewa haitoshi, moto unageuka manjano, sufuria inashika masizi, na kaboni monoksaidi inazalishwa. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushei.

Hata zikivuja haziendi upande mmoja. Propani na butani ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya meza na kabati. Methani ni nyepesi, hupanda. Fundi anayefunga king'ora cha kugundua gesi hukiweka karibu na dari kwa nyumba ya bomba, na karibu na sakafu kwa nyumba ya mtungi.