GARI LA ZAMANI: MAJI, KELELE NA MOSHI HUPITA TUNDU MOJA

Katika njia itokayo Koboko kupitia Kuluba hadi mpakani Oraba bado yaonekana, moja moja, magari ambayo viwanda vilikwisha kuacha kuyatengeneza zamani. Land Rover za Series III zilitoka Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Peugeot 504, ambayo ukoo wake ulishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968. Land Rover nyingi zilianza maisha yao katika utumishi wa polisi, jeshi, misheni au idara za serikali, kisha zikauzwa mnadani, na sasa hubeba magunia ya muhogo na ufuta, wagonjwa na wanafunzi. Wenye nazo huzipenda kwa kuwa fundi yeyote mwenye spana chache aweza kuzifungua na kuzifunga. Lakini mama na watoto, ambao ndio wakaao nyuma, wana malalamiko mawili ya miaka mingi: gari likienda hakuna asikiaye la mwenzake, na mvua ikinyesha humo ndani hamkaliki.

Zamani kelele za gari hazikuwa shida kubwa pande hizi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kwenda mbio. Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, ilikuwa ya changarawe mpaka ilipotiwa lami katika miaka ya 2010. Juu ya changarawe Land Rover ilikwenda taratibu, ikilialia kwa nati zake zilizolegea. Juu ya lami dereva hutaka kilomita 80 kwa saa, na hapo gari lile lile hubadili sauti: giaboksi huvuma, tairi zenye meno makubwa ya matope huimba, na upepo hupiga mluzi penye pembe za milango. Kutoka Koboko hadi Arua ni zaidi ya kilomita 50. Mgonjwa apelekwaye hospitali ya rufaa ya Arua hufika akiwa na maradhi mawili.

Wataalamu wa afya ya wafanyakazi huweka kipimo cha desibeli 85 kwa muda wa saa 8 kwa siku, na kila zinapozidi desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Nyumbani hatuna chombo cha kupimia, ila ipo njia nyepesi: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mita moja akusikie, basi kelele hiyo imekaribia au imekwisha kupita kipimo. Askari aliyezoea mlio wa bunduki kiwanjani ana sababu zaidi ya kuyalinda masikio aliyobakiwa nayo.

Watu wengi hudhani kuwa kelele ni jambo moja na unyevu ni jambo jingine. Mwenye gari hununua zulia nene, akalitandika juu ya sakafu yenye matundu, akaona amemaliza kazi. Mvua za Aprili zikija zulia hunywa maji, maji hayo hukaa juu ya chuma miezi minane, na kufikia Desemba sakafu imegeuka kuwa kichungi. Kelele zimerudi, tena na uvundo juu yake. Sababu ni kwamba mlango wa maji na mlango wa sauti ni ule ule. Tundu dogo hupitisha sauti nyingi kupita udogo wake, nalo huubatilisha ukuta mnene uliotengenezwa kwa gharama.

Na hupitisha kitu cha tatu, ambacho ndicho hasa kilichotufanya tuandike makala haya. Moshi wa injini ya petroli una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa safi. Mtu huumwa kichwa, huona kichefuchefu, husinzia, na akiachwa humo hufa. Bomba la ekzosi hupita chini ya sakafu, na likiwa limetoboka hapo huku sakafu nayo ina matundu, watoto walio nyuma ndio wa kwanza kuvuta sumu. Watu husema, “Wamelala kwa uchovu wa safari.” Yafaa waamshwe na kuulizwa kama vichwa vinawauma. Katika Volkswagen za zamani zenye injini nyuma hatari hii ina njia ya pekee, kwa sababu joto la kupashia watu huchukuliwa kwenye mabomba ya ekzosi yenyewe. Yakiliwa na kutu, moshi huletwa moja kwa moja miguuni pa abiria.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ekzosi. Washa injini ikiwa baridi, gari likiwa nje uwanjani, kisha mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholoweshwa, kwa nukta chache tu. Pale penye ufa patasikika mfoko wa hewa. Paunganishwe au bomba libadilishwe kabla ya kununua chochote kingine. Mipira inayoning’iniza bomba na ile inayobeba injini itazamwe siku hiyo hiyo, maana ikikauka na kupasuka mtikisiko wote wa injini huhamia kwenye bodi. Bei yake ni ndogo, na mara nyingi huleta utulivu mwingi kuliko zulia lolote.

Kutafuta mahali panapovuja ni kazi ya watu wawili, na watoto huipenda. Mmoja huketi ndani akiwa na tochi, mwingine humwaga maji kwa keni ya bustani. Aanze chini, kwenye viungo vya sakafu na vizingiti vya milango, kisha apande polepole hadi kioo na paa. Akianza juu, maji yatateremka kila mahali na hakuna atakayejua yameingilia wapi. Mipira ya milango hujaribiwa kwa chaki, kitu ambacho mwalimu hakikosi mfukoni: pakaza chaki kwenye mpira, funga mlango, ufungue tena. Pale ambapo chaki haikuacha alama kwenye fremu, mpira haugusi. Pengine mpira ni mzima, ila bawaba zimelegea na mlango umeinama. Hapo kununua mpira mpya ni kutupa fedha.

Land Rover ina mahali pake pa kuvujia panapojulikana. Vipo vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele, ambavyo mpira wake hukauka na kudondosha maji juu ya magoti ya dereva. Upo ukingo wa chini wa fremu ya kioo. Vipo vioo vya kusukuma vya milango, ambavyo hupita katika mifereji yenye kitambaa cha manyoya. Kitambaa hicho hushika maji kama sifongo, kikaozesha fremu ya chuma kutoka ndani. Bodi ya gari hili ni ya alumini, ndiyo sababu watu husema haipati kutu. Lakini ukuta ulio mbele ya miguu ni wa chuma, na mahali chuma na alumini vinapogusana penye unyevu, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Weka kipande cha mpira au rangi nzito baina yao kila unapofungua boliti.

Majira yafaayo kwa kazi hii ni kati ya Desemba na Februari, wakati wa ukavu. Toa viti, mikeka na vifuniko vya sakafu, uvianike. Kuvu ioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, mwoshaji akijifunga kitambaa puani, kisha jua lifanye kazi yake. Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma king’ae, ndipo rangi ya kuzuia kutu ipakwe. Penye tundu pachomelewe kiraka, lakini fundi akumbushwe kwamba katika Land Rover nyingi tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele. Litolewe kwanza, na betri ikatwe. Mfuko wa mkaa uliowekwa garini hupunguza harufu kidogo; haukaushi maji. Ama jiko la mkaa lenye moto lisiingizwe garini kamwe, si kwa kukausha viti, si kwa kuota moto usiku dereva anapongoja mpaka ufunguliwe. Hewa yake ni ile ile ya ekzosi.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze juu ya kuzuia sauti. Bati likigongwa hulia kama ngoma, na dawa yake ni kulitia uzito. Ziko karatasi nzito za lami na mpira zenye gundi, ziuzwazo kwa kazi hii. Si lazima kufunika bati lote: kipande kinachofunika robo au theluthi, kikibandikwa katikati ambako bati hutetemeka zaidi, chatosha. Paa la Land Rover likibandikwa hivyo, mvua haitapiga tena kama mawe. Lami ya barabarani isitumike, maana jua huiyeyusha ikadondoka vichwani na kunuka. Sakafuni, na hasa juu ya kifuniko cha giaboksi, weka sponji isiyonywa maji, kama ile ya mikeka ya kulalia kambini, kisha mpira mzito juu yake. Sponji ya godoro haifai. Ukiwa na shaka, zamisha kipande katika beseni usiku kucha. Asubuhi ukikikamua kikatoa maji, kirudishe dukani. Viatu vya mpira vya mikono ya gia vilivyochanika vibadilishwe, kwani hapo ndipo mvumo mwingi hutokea.

Mkeka usiwe mnene karibu na pedali. Breki lazima ifike mwisho bila kugusa kitu. Matundu madogo ya chini ya milango yasizibwe, kwa sababu yaliwekwa kiwandani ili maji yaingiayo kwenye kioo yapate pa kutokea. Dirisha moja liachwe wazi kidogo watu wakiwa wengi, maana pumzi zao pekee zatosha kulowesha vioo. Na mikeka isigandishwe kwa gundi sakafuni: iwe ya kuinuliwa kwa mkono, ili baada ya mvua kubwa ya kwanza, mwezi wa Machi au Aprili, mwenye gari apitishe kiganja chini yake na kuona kama pamelowa.